Jina Lililokuwa Nyuma ya Saa

Mwanangu Nadège,

Mama yako amekupeleka mtaa wa maduka wa Asiatique kutafuta valisi yenye magurudumu mazima, na ninavyomjua atapita maduka yote kabla ya kurudi kwenye lile la kwanza. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Mambo ya safari ya Kampala ameshakuambia yeye: pasipoti ikae wapi, usile nini njiani, nani atakupokea ukishuka. Sitayarudia. Mimi nataka kukueleza habari ya lile kofi.

Ulikuwa na miaka tisa. Ulichukua kompasi yako ya hesabu, ukaingia chumbani kwetu, ukafungua sanduku la bati ninamoweka saa zangu, ukachagua moja, ukaigeuza na kukwaruza herufi N mgongoni mwake. Uliniletea mwenyewe, umejaa furaha. "Papa, ona, sasa hii ni yangu." Nikakupiga usoni kwa kiganja kizima, ukaangukia kiti. Sikuwahi kukupiga kabla ya siku ile, wala baada yake, na wewe hukuwahi kuniuliza sababu. Mwezi uliopita mama yako aliniambia kwamba hujasahau, na kwamba moyoni mwako unaamini nilipenda saa kuliko nilivyokupenda wewe. Ningekuwa wewe ningeamini hivyo hivyo. Ukweli ni mbaya kuliko huo, na nataka uusikie kwangu kabla hujausikia kwa wengine, maana watu wameanza kuuzungumza.

Kazi yangu unaijua. Kutwa nzima niko kliniki, natengeneza meno ya bandia. Ile mashine ya kung'arishia meno, mota ndogo yenye gurudumu la sufi na pate, ile dawa ya kusugulia ya rangi ya waridi, ndiyo iliyoniingiza kwenye saa. Kabla hujazaliwa niliwahi kupitisha kwenye lile gurudumu saa kuukuu niliyoinunua sokoni kwa muuza vyuma. Inox, kile chuma kisichoshika kutu, iliyokuwa imepauka na kukwaruzika ikarudi kung'aa kama maji. Nilikaa nikiiangalia mpaka mlinzi akaja kuniambia anafunga. Tangu hapo nikawa natafuta nyingine, na nyingine.

Nilitaka za otomatiki tu, za inox, za zamani, zile ambazo wazee walizivaa nilipokuwa mtoto. Saa hizo hazina betri. Ndani mna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapotembea, na mzunguko huo ndio unaoijaza saa nguvu. Ukiivua na kuiweka mezani, itaendelea siku moja na nusu, pengine kidogo zaidi, kisha itasimama. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu habari yote inategemea hapo.

Kadhaa zilikuwa na maandishi nyuma. Mtu anastaafu, wenzake wanamchongea jina lake kwenye saa. Mtu anaoa, anabatizwa, anamaliza masomo. Mimi maandishi hayo sikuyapenda. Niliyaona kama uchafu, kama doa la chai kwenye shati. Nilikuwa nayapeleka kwenye mota, na baada ya dakika chache mgongo wa saa ulikuwa mweupe, mtupu, safi, na saa ilikuwa yangu. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ni tabia niliyojitengenezea mwenyewe, nikaiita usafi.

Zaidi ya nusu ya saa hizo aliniletea mtu mmoja anaitwa Evariste. Wewe hukumjua. Alikuwa na meza ndogo ndani ya duka la vipuri pale Asiatique, akiuza simu zilizotumika, miwani, redio. Akipata saa ya zamani alikuwa ananipigia simu, nami napita saa sita nikitoka kula.

Mwaka ule ulikuwa darasa la tatu. Unakumbuka tulivyohamishia magodoro kwenye korido, mbali na madirisha, nikakuambia ni mchezo wa kambi. Watu walikuwa wanachukuliwa. Asubuhi ulikuwa unasikia fulani hayupo, na jioni hakuna anayelitaja jina lake tena. Hata hivyo Evariste alikuwa anafungua meza yake, nami nilikuwa napita.

Ijumaa moja mchana aliniita. Alitoa saa mfukoni, akaiweka juu ya gazeti. Ilikuwa ya Uswisi, uso wake uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya maziwa ya ng'ombe, akrabu nyembamba, hakuna kutu hata kidogo. Sikuwahi kuona nzuri kama ile. Nikaigeuza. Nyuma palichongwa kwa mkono, kwa Kifaransa: Kwa Direkta Léonidas, miaka thelathini ya kazi, wanafunzi wake.

Nikaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea.

Nikaangalia saa ya ukutani mle dukani. Zilikuwa zinalingana, dakika kwa dakika.

Mwanangu, mimi najua saa. Niliposikia mlio ule nilijua kwamba mkono wa Direkta Léonidas, awe nani, awe wapi, ulikuwa umetembea na saa ile juzi, au jana. Nilijua kabla sijaiondoa sikioni. Nikamtazama Evariste, yeye akatazama barabarani.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Patron, we unanunuaka saa ao unanunuaka habari?"

Alisema bila ukali, kama mtu anayeuliza unataka sukari ngapi. Nikacheka. Hicho kicheko ndicho kinachonirudia mpaka leo, kuliko mambo mengine yote. Nikainunua, nikaivaa, nikarudi kazini na kumaliza meno ya juu ya mwalimu mmoja wa Kinindo.

Jumapili, mlipokuwa kanisani na mama yako, nilikwenda kliniki peke yangu na ufunguo wangu. Niliwasha mota. Nilianza na neno "wanafunzi", kwa sababu jina sikutaka kuanza nalo. Kisha jina nalo likaenda. Herufi ya mwisho kutoka ilikuwa ile L, ilichongwa kwa kina kuliko zote.

Wiki tatu baadaye alikuja yule dada mrefu. Labda unamkumbuka, maana wewe ndiye uliyemletea Fanta, na yeye akainama akakufunga kamba ya kiatu. Jina lake ni Goreth. Alikuwa ameambiwa kwamba katika mtaa wetu kuna mtu anayekusanya saa za zamani. Alitoa picha kwenye bahasha: mzee mwembamba mwenye koti kubwa kuliko mwili wake, ameinua mkono wa kushoto ili mpiga picha aione saa, na nyuma yake wanafunzi wanapiga makofi.

"Papa Nadège," akasema, "mi sitafuti saa. Saa, mutu aliye nayo abaki nayo. Mi natafuta ule aliyeiuzisha. Ni yeye anaweza kuniambia baba alifikishwa wapi."

Niliipokea ile picha. Saa yenyewe ilikuwa mkononi mwangu, chini ya mkono wa shati. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu kwa sababu ya mvua, si kwa sababu nyingine, lakini nilishukuru.

"Apana, dada," nikamwambia. "Sijaiona."

"Iko na maandishi nyuma. Jina lake."

"Yenye maandishi sina hata moja."

Na hilo lilikuwa kweli.

Nimejiuliza miaka yote kwa nini. Ukisema hofu, ndiyo, ilikuwepo. Mtu aliyejua njia ya ile saa alikuwa anaweza kujua njia ya nyumba yetu, na nyumbani mlikuwa ninyi. Nimejipa sababu hiyo mara nyingi na mama yako amenipa pia. Lakini hofu ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba niliitaka ile saa. Halafu palikuwa na aibu: ningemweleza vipi yule mwanamke kwamba jina la baba yake nimelisaga mimi, kwa mashine ya meno? Naandika mambo haya yote matatu kwa sababu ukibaki na hofu peke yake utanihurumia, na sitaki.

Alirudi mara ya pili, na mara ya tatu hakuingia, alisimama getini tu akaniuliza kama kuna jipya. Wiki ileile wewe ukachukua kompasi. Saa uliyoichagua ilikuwa ile. Kati ya saa thelathini na moja, uliichukua ile, kwa sababu mgongo wake ulikuwa laini kuliko zote. Nilipoona herufi imechongwa tena pale pale, nilisahau kwamba ni wewe. Kesho yake niliipeleka kliniki nikaiondoa N yako pia.

Evariste alifariki mwaka uliofuata. Pikipiki aliyopanda iligongana na lori la bia. Nilikwenda mazishini, nikarusha udongo wangu kama wengine, na nilipokuwa narudi kwa miguu nilijisikia mwepesi. Nakwambia nilivyojisikia. Mtu pekee ambaye angeweza kujibu swali la Goreth alikuwa ameingia kaburini, na mimi nilijisikia mwepesi.

Sasa nikueleze kwa nini nimesema baada ya miaka yote hii. Sikuamka siku moja nikawa mtu mwema. Mwaka huu, mwezi wa pili, alikuja kliniki bibi mmoja asiye na jino hata moja. Daktari akaniita nichukue vipimo vya ufizi. Nikasoma kadi yake: Kinindo, na jina la mume. Alikuwa mke wa Direkta Léonidas.

Mara nne alikuja, na kila nilipomaliza kupima alikuwa anaongea. Alisema binti yake amemlazimisha. "Meno ya nini? Nilisema nitayatia siku mzee atarudi. Nitamuchekea nani?" Mara ya tatu akaniambia habari ya kanisa. Kila mwaka anapeleka jina la mumewe lisomwe kwenye misa, na kila mwaka karani anamuuliza, mzima au marehemu? Hajui aseme nini. "Basi namuandikishaka kati ya wagonjwa," akasema. "Miaka yote hii mzee wangu ni mugonjwa."

Nilimvalisha meno yake. Alijitazama kwenye kioo, akacheka kidogo kunishukuru.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kinindo. Goreth alinifungulia. Nywele zake zimeanza mvi, nisingemjua njiani. Yeye alinijua. Niliweka saa mezani, mgongo juu, nikamwambia yote kwa mpangilio niliokuandikia hapa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Evariste alipokupatia, ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwa inatembea."

"Siku gani?"

"Ijumaa. Saa sita na nusu."

Nikaona anahesabu kwa vidole juu ya meza, polepole. Akaniuliza saa kama ile ikivuliwa inaendelea muda gani, nikamjibu. Akahesabu tena.

"Walimuchukua Siku ya Pili asubuhi," akasema. Alimaanisha Jumanne. "Tulimutafuta siku ile yote. Jumatano asubuhi mutu akatuambia tusijichokeshe, amekwisha tangu jana. Tukarudi nyumbani, tukafunga mulango." Akaitazama saa. "Kumbe Jumatano magaribi angali akitembeza mukono."

Nikamwambia kwamba saa inaweza kujijaza hata mfukoni, kwamba Evariste alikuwa mtu wa kutembea, kwamba hatuwezi kuwa na hakika. Ni kweli kabisa, hata fundi yeyote atakuambia.

"Usinipatie dawa," akasema Goreth. "Umekaa na dawa yako miaka yote hii, endelea kubaki nayo."

Nilidhani nimekwenda kupunguza mzigo wa mtu. Nilimwachia mwingine, mzito kuliko wa kwanza, na siwezi kuubeba kwa niaba yake. Ikitokea siku moja uwe na ukweli wa mtu mwingine mkononi, Nadège, mpe siku ileile. Ukiuweka haubaki jinsi ulivyokuwa. Ijumaa ile ungekuwa habari ya mtu ambaye labda bado anapumua mahali fulani ndani ya mji huu.

Mama yake alikuwa chumba cha pili, alisikia. Alikuja akaichukua saa, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake mara nyingi, akitafuta. Kisha akaniuliza kama meno yake yatalegea au yatadumu. Nikasema yatadumu, mama.

Wiki iliyofuata Goreth alikuja hapa nyumbani. Wewe ulikuwa kwenye mtihani. Aliomba kuona saa zote. Nikamwaga sanduku la bati kitandani. Alizigeuza moja moja, akatenga zile zenye mgongo laini. Zilikuwa kumi na moja. Akainua ya kwanza.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Sijui."

Akainua ya pili. Sijui. Ya tatu. Nilidhani ataacha, lakini aliuliza zote kumi na moja, kila moja kwa sauti ileile, na akanisubiri nijibu kila mara. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

Halafu Goreth akatoa daftari. Tangu siku ile anakuja kila Jumamosi baada ya chakula. Tunakaa sebuleni, anashika saa moja, ananiuliza niliipata mwezi gani, nani aliileta, nyuma palikuwa na nini kabla sijapitisha mashine. Nakumbuka kidogo sana. Kwenye moja nakumbuka neno "ndoa". Kwenye nyingine, jina la parokia. Anaandika hata nikisema "labda". Hajanisamehe na sijamwomba. Chai ya mama yako anakunywa, mimi hanipi mkono. Yeye ndiye amewaambia watu, kupitia wale waliopotelewa kama yeye, kwamba kuna nyumba yenye saa kumi na moja.

Ndiyo sababu kliniki wengine hawanisalimu siku hizi. Na ndiyo sababu, wiki mbili zilizopita, mtu asiyetaja jina alinipigia simu, akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye papa wa saa, akaniambia vitu vya zamani viachwe vipumzike. Mama yako anajua. Tumezungumza, amesema tusiache. Nilitaka wewe uwe umefika Kampala kwanza, nakiri, na nimefurahi tiketi imepatikana mapema. Usirudi likizo ya kwanza mpaka mama yako akuambie. Nikikuambia mimi, usinisikilize, maana nitataka kukuona.

Kuhusu kofi, sina la kuongeza. Hukukosa kitu. Uliandika jina lako kwenye kitu ulichokipenda, kama watu wote.

Wakikuuliza huko baba yako ni mtu gani, usinipambe na usinilaani. Sema anatengeneza meno, na kwamba alifanya jambo hili. Atakayeondoka baada ya kusikia, mwache aondoke, ana haki yake.

Jumamosi iliyopita alikuja mtu wa kwanza. Mzee mmoja wa Kinanira, amevaa suti ya Jumapili, anatafuta saa ya mdogo wake. Nilizipanga zote juu ya kitambaa cheupe. Alizitazama kwa makini, moja baada ya nyingine, akazishika sikioni ingawa zote zimesimama. Hakuna aliyoitambua. Goreth akamsomea daftari. Kwenye ya saba nilikuwa nimesema nakumbuka herufi mbili na msalaba mdogo.

"Mudogo wangu hakuwa mutu wa misalaba," mzee akasema.

Akanywa maji, akashukuru, akachukua kofia yake. Nikamsindikiza. Alipofika getini alisimama, akafikiri, akanigeukia.

"Ule musalaba, una hakika ni musalaba? Isiwe T? Yeye alikuwa Tharcisse."

Nikafumba macho nikajaribu kuiona tena chini ya gurudumu, na pate, na vumbi la waridi. Nikamwambia sina hakika.

"Basi nitarudi siku ya posho," akasema, yaani Jumamosi, "ufikirie."

Ninafikiri, mwanangu. Kesho ukishapanda gari nitakaa tena nifikirie.

Ni mimi,
Papa